Kukopa Pesa Yako Mwenyewe

Cuzo wangu alihamia Minneapolis miaka mitatu iliyopita. Hapa Nairobi alikuwa mtu wa maana: nesi, mwanachama wa SACCO kwa miaka saba, aliyekopa laki nne na kumaliza kulipa bila kuchelewa hata mwezi mmoja. Wiki ya pili huko akaingia benki kuomba kadi ya mkopo. Mama wa kaunta akabonyeza kompyuta, akamwangalia kwa huruma, akamwambia hawaoni kitu. Si kwamba rekodi yake ilikuwa mbaya. Hakukuwa na rekodi. Kwa hivyo wakampa ofa: lete dola 300, tuzifungie, halafu tutakupa kadi ya kukopa mpaka dola 300.

Alinitumia ujumbe wa sauti usiku wa manane, anacheka kile kicheko cha mtu aliyekaribia kulia. "Ati nikope pesa yangu mwenyewe! Halafu nikichelewa kulipa, wanitoze riba. Kwa pesa yangu! Hii si ni wizi imevaa suti?"

Nilicheka naye, lakini swali lake lilinikaa, kwa sababu wakati huo mimi pia nilikuwa na kesi yangu. Nikiwa campo nilikopa 1,500 kwa simu, kwa mkopeshaji ambaye sitamtaja. Laini ikapotea, nikanunua nyingine, nikasahau. Maisha yakaendelea. Miaka miwili baadaye napata kazi ya kwanza ya maana, wananiambia nilete cheti cha CRB pamoja na cha polisi na vile vingine vyote. Nikapata jina langu limeandikwa. Ile 1,500 ilikuwa imezaa ikawa zaidi ya 3,000. Kazi ilichukuliwa na mwingine kabla sijamaliza kusafisha jina. Thao moja na nusu, wasee. Viatu vya mtumba pale Gikomba vinaweza kuwa bei hiyo.

Kwa hivyo nikaanza kusoma. Nilitaka kujua nani hasa aliamua kwamba mtu anaweza kuwa na jina zuri au baya kwenye faili asiloliona, na ilikuwaje mpaka dawa ya jina likawa ni kulipia uaminifu kwa pesa zako mwenyewe.

Stori inaanzia New York, mwaka wa 1837. Uchumi wa Marekani ulianguka vibaya mwaka huo, na kati ya walioanguka nao ni duka la hariri la ndugu wawili, Arthur na Lewis Tappan. Walikuwa wamewauzia wafanyabiashara wa mashambani kwa deni, na wale wafanyabiashara hawakulipa. Lewis akajiuliza swali ambalo kila mwenye kibanda mtaani anajiuliza akiona sura mpya: huyu nimjue aje? Mwaka wa 1841 akafungua ofisi aliyoiita Mercantile Agency. Kazi yake ilikuwa kukusanya habari za wafanyabiashara wa kila mji na kuziuza kwa wenye maduka makubwa ya jumla.

Habari zililetwa na watu wa hapo hapo mjini, wengi wao mawakili. Abraham Lincoln, kabla hajawa rais, alikuwa mmoja wa walioandikia hiyo ofisi. Waliandika mali ya mtu, lakini waliandika pia tabia: kama anakunywa, kama mke wake ni mchapakazi, kama baba yake ana pesa, kama anaaminika. Makarani wakanakili kila kitu kwa mkono kwenye madaftari makubwa. Zaidi ya madaftari 2,500 ya aina hiyo bado yapo, yamehifadhiwa chuoni Harvard. Kwa maneno mengine, umbea wa mtaa ulipewa daftari, na daftari likawekewa bei.

Kinachonishangaza ni kwamba Lewis Tappan hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mpinzani mkali wa utumwa. Mwaka wa 1834 genge la watu lilivamia nyumba yake na kuchoma fanicha zake barabarani kwa sababu ya msimamo huo, na baadaye alikuwa kati ya waliowapigania Waafrika wa meli ya Amistad mpaka wakaachiliwa. Mtu huyo huyo ndiye alianzisha biashara ya kuandika watu bila kuwauliza. Sidhani aliona mgongano wowote hapo. Kwake, daftari lilikuwa njia ya kumlinda mwaminifu asilipie deni la tapeli.

Daftari la Tappan lilikuwa la wafanyabiashara. Sisi watu wa kawaida tulifikiwa baadaye. Mwaka wa 1899, ndugu wengine wawili walianzisha Retail Credit Company kule Atlanta, kuandika wateja wa rejareja. Kampuni hiyo ilikua ikawa na mafaili ya mamilioni ya Wamarekani, na ndani yake kulikuwa na mambo ya ndoa, siasa, hata ya kitandani. Na mwenye faili hakuwa na haki ya kuliona. Ilipotaka kuyaingiza kwenye kompyuta miaka ya 1960, watu wakashtuka, na mwaka wa 1970 Bunge la Marekani likapitisha sheria ya kumpa mtu haki ya kujua kilichoandikwa na kupinga uongo. Kampuni ikabadilisha jina baadaye. Leo inaitwa Equifax.

Kadi yenyewe nayo ilikuwa na utoto wa vituko. Septemba 1958, Bank of America ilituma kadi 60,000 kwa posta kwa wakazi wa mji wa Fresno, California. Hakuna aliyeomba. Unaamka, unafungua barua, unakuta kibali cha kukopa. Benki ilikuwa imepiga hesabu kwamba kama asilimia 4 ya akaunti zingechelewa kulipa. Zikachelewa asilimia 22, na wezi wakajisaidia pia. Benki ilipata hasara kubwa, lakini haikuacha, na kadi hiyo ndiyo tunaiita Visa leo. Manze, nikisoma hiyo stori nakumbuka zile jumbe za 2018 na 2019: "Hongera! Umehitimu kupata mkopo wa KSh 2,000." Nani aliomba?

Sasa angalia ni nani waliobaki nje kadi zilipotapakaa. Mwanamke aliyeolewa Marekani kabla ya 1974 mara nyingi aliambiwa amlete mumewe aweke sahihi. Akipewa talaka, au mume akifa, miaka yote ya kulipa madeni ilibaki kwa jina la mume, na yeye akaanza upya kama mtoto wa jana. Sheria ya 1974 ilikataza kumnyima mtu mkopo kwa sababu ya jinsia au ndoa, na mwaka wa 1976 ikaongezwa rangi, dini, asili na umri. Halafu mwaka wa 1989 kampuni ya Fair, Isaac, ambayo wahandisi na wanahesabu walikuwa wameijenga tangu 1956, ikaleta alama moja ya FICO iliyotumika na wakopeshaji wa kila aina: nambari kati ya 300 na 850. Kompyuta haiulizi kama umeolewa. Lakini kompyuta pia haikujui kama hujawahi kukopa. Ukitaka alama lazima uwe na akaunti, na ukitaka akaunti lazima uwe na alama. Kuku na yai.

Ni kwenye huo mwanya ndio kadi yenye dhamana iliingia. Ilipata umaarufu miaka ya 1980, ikilenga watu wa aina mbili: asiye na jina kabisa, na aliyeharibu jina. Matapeli nao wakaja na matangazo ya "piga nambari hii upate kadi hata kama umefilisika," na mtu anajikuta amelipia simu ghali na kadi hajaiona. Ndiyo maana kwa muda mrefu ilichukuliwa kama kadi ya aibu.

Acha nieleze inavyofanya kazi, kwa sababu cuzo mwenyewe aliielewa vibaya mwanzo, na mimi nilimsaidia kuielewa vibaya zaidi. Zile dola 300 si za kutumia. Zinafungwa, kama deposit ya nyumba ambayo landilodi anakaa nayo mpaka uhame. Ukinunua kitu cha dola 40 kwa kadi, hizo 40 ni za benki, na mwisho wa mwezi unalipa 40 kutoka mfukoni. Ukichelewa, riba inaanza, na riba za kadi hizi huwa kali, zaidi ya asilimia 20 kwa mwaka ni kawaida. Ukikataa kulipa kabisa, ndipo benki inachukua zile 300. Kwa hivyo benki haihatarishi kitu kikubwa. Unachonunua wewe ni kuandikwa. Kila mwezi benki inapeleka ripoti kwa mashirika matatu ya mikopo ya huko kwamba huyu mtu alikopa na akalipa.

Kwenye alama ya FICO, historia ya kulipa inabeba asilimia 35, na kiasi unachodaiwa kinabeba 30. Hicho cha pili ndicho kilimponza. Mwezi wa pili alitumia dola 270 kati ya 300, akalipa zote kwa wakati, na bado ripoti ilimwonyesha kama mtu aliyebanwa, kwa sababu benki ilituma salio kabla hajalipa. Akaambiwa na Mkenya mwenzake kazini: tumia chini ya 90, na usilipe kiasi kidogo cha lazima pekee, lipa yote. Pia hakikisha benki inaripoti kwa mashirika yote matatu, maana kadi isiyoripotiwa ni dola 300 zimelala tu. Baada ya hapo akawa anatumia kadi kununua mafuta ya gari na kitunguu. Basi.

Rekodi yake ya SACCO, miaka saba ya uaminifu, haikuvuka bahari. Mafaili haya hayana pasipoti.

Hapo ndipo nikarudi nyumbani, kwa sababu hii habari ya nani anaruhusiwa kuaminiwa sisi tunayo ya kwetu, na haikuanza na simu.

Pwani, watu walikuwa wanaweka rehani karne ya 19 na kabla yake. Wenye mashamba ya karafuu Zanzibar walikopa kwa matajiri wa Kihindi wakiweka shamba kama dhamana, na misafara ya bara iliendeshwa kwa deni. Tippu Tip mwenyewe alisafiri kwa mtaji wa Taria Topan. Neno "rehani" lenyewe ni la Kiarabu, na ni la zamani kuliko benki yoyote Kenya. Wazo la kadi ya cuzo, kwamba weka kitu chako nikuamini, lingeeleweka kirahisi sana Forodhani.

Halafu ukaja ukoloni na kitu ambacho sikuwahi kufundishwa shuleni. Mwaka wa 1948 serikali ya kikoloni Kenya ilitunga sheria ya kudhibiti mikopo kwa Waafrika. Asiye Mwafrika akimkopesha Mwafrika zaidi ya shilingi 200 bila idhini ya afisa wa serikali, hangeweza kudai deni hilo kortini. Sababu waliyotoa ni kutulinda tusiumizwe na wakopeshaji. Fikiria matokeo. Mwenye duka la jumla anajua hawezi kukushtaki, basi atakupa bidhaa za nini kwa deni? Mwenye kiduka Mwafrika akabaki kununua kwa pesa taslimu, mzigo mdogo mdogo, huku mshindani wake anajaza rafu kwa deni la siku tisini. Hakuna faili lililosema Mwafrika halipi. Sheria ilihakikisha tu kwamba hapati nafasi ya kuonyesha kwamba analipa.

Mwaka wa 1954, katikati ya hali ya hatari, ukaja mpango wa Swynnerton: gawa ardhi, mpe mkulima hati miliki, aende nayo benki akope. Hati ikawa ndiyo kadi yenye dhamana ya kizazi hicho. Mpango wenyewe ulikiri kwamba wengine wangepata ardhi zaidi na wengine wangebaki bila. Na hati nyingi ziliandikwa kwa jina la mwanamume. Shosho wangu alilima kahawa miaka arobaini kwenye shamba lenye jina la guka. Kama yeye ndiye angeenda benki, wangebonyeza na kusema hawaoni kitu. Sawa tu na Minneapolis.

Sasa CRB. Kanuni za kwanza zilitoka 2008, na shirika la kwanza likapewa leseni 2010. Na hapa ndipo naona kosa lililotuharibia mambo: mwanzoni benki zililazimishwa kupeleka habari za madeni mabaya tu. Za waliolipa vizuri hazikuwa lazima mpaka kanuni za 2013. Faili letu lilizaliwa kama orodha ya wenye dhambi. Ndiyo maana mpaka leo tunasema "ameingizwa CRB" kama vile mtu ametupwa seli, ilhali ukweli ni kwamba kama umewahi kukopa benki au mkopo wa simu wa benki, uko CRB tayari, mzuri au mbaya. Muulize msee yeyote mtaani kama ana rekodi nzuri CRB. Atakuangalia kama umemtukana.

Halafu M-Shwari ikaja Novemba 2012, na nyingine zikafuata, na ghafla mtu anaandikwa kwa ajili ya soo nane. Aprili 2020 Benki Kuu ilizuia madeni ya chini ya shilingi 1,000 yasipelekwe CRB, na ikawafungia mlango wakopeshaji wa kidijitali waliokuwa hawasimamiwi. Novemba 2022 ikaja na mpango wa kutengeneza majina: benki zisamehe nusu ya mikopo ya simu iliyokwama, mtu alipe nusu iliyobaki kwa miezi sita. Waliolengwa walikuwa zaidi ya watu milioni 4. Deni lao lote lilikuwa kama shilingi bilioni 30. Usishtuke na hiyo namba, maana ilikuwa asilimia 0.8 tu ya mikopo yote ya benki Kenya. Watu milioni 4 kwa 0.8! Kuna wenye madeni makubwa ambao mmoja wao anaweza kubeba vijiji vizima vya hao, na bado anapigiwa simu kwa heshima na kuandaliwa kikao cha kupanga upya malipo.

Nikamuuliza cuzo: basi unaona hiyo kadi yako ni wizi bado? Akaniambia ni matusi, lakini ni matusi yenye tarehe ya mwisho. Nimelifikiria hilo jibu sana. Nadhani yuko sawa, na nadhani ndilo sisi hatuna. Huku kuna benki zinazotoa kadi ya mkopo ukiweka pesa kama dhamana, lakini ni za watu wenye akaunti nono. Hustler Fund ilikata asilimia 5 ya kila mkopo iende akiba, na nikaona hapo kuna mbegu ya kitu, ila akiba hiyo si dhamana na haijengi jina kwa njia ambayo mwenye benki mwingine ataiheshimu. Kitu kinachokaribia kabisa kadi ya cuzo ni SACCO: weka akiba yako, ukope mara tatu, na majirani wakuwekee sahihi. Mathe amefanya hivyo maisha yake yote na hakuwahi kukiita "kujenga historia ya mkopo."

Wengine wataniambia dawa ni kutokopa. Sawa, bro, kama budako ana nyumba Lavington. Mimi nakopa kodi ya Januari.

Ile 3,000 na kitu nililipa. Jina langu litabeba hiyo alama kwa miaka mitano tangu siku niliyolipa, ndivyo kanuni zinavyosema, hata kama imeandikwa "imelipwa." Nilikuwa nadhani kulipa kunafuta. Kumbe kunaongeza mstari tu chini ya ule mwingine. Kwa hivyo nimejiunga na SACCO ya mathe, 2,000 kila mwezi, na mwezi wa Machi nilichukua mkopo mdogo ambao sikuuhitaji, nikaulipa kwa miezi minne. Marafiki waliona nimechizi. Niliuliza ofisini kama wanapeleka habari za waliolipa vizuri kwa CRB. Dada wa mapokezi akasema hajui, akaenda kuuliza, akarudi akasema meneja yuko mkutanoni. Nitarudi Jumatatu. Pia nimeomba ripoti yangu ya mwaka huu, ile ya kwanza ambayo ni bure kisheria, na wewe pia ni haki yako hata kama hujawahi kupata shida.

Cuzo alirudishiwa dola zake 300 mwezi wa kumi na moja. Benki ikamwandikia kwamba amestahili kadi ya kawaida, ikamwekea kikomo cha dola 1,000, na ile dhamana ikaingia kwa akaunti yake. Akanitumia picha ya salio, bila maneno. Dakika tano baadaye ikaja sauti: "Nimeenda kununua sufuria ya ugali. Kwa pesa yao sasa."